Kata ya Mbege na Sindano ya Mwezi: Tiba ya Akili katika Miteremko ya Marangu

Mti wa msesewa humea kandokando ya mito ya Uchagani, na uchungu wa gome lake haumtatizi mpikaji yeyote wa mbege. Ndizi mbivu huchemshwa, zikaachwa siku kadhaa zichachuke hata ziwe nyangi. Kisha huchanganywa na mso, yaani uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewa likatia ule ukali wanaoupenda wanywaji. Wataalamu wa mimea huuita mti huo Rauvolfia caffra. Ndugu yake wa Bara Hindi, Rauvolfia serpentina, ndiye aliyewapa wanakemia wa Basel, huko Uswisi, reserpini mwaka 1952, mojawapo ya dawa za mwanzo kabisa za kutuliza wazimu katika hospitali za dunia. Sadfa hiyo haiifanyi mbege kuwa dawa. Lakini yaonyesha jinsi kileo na tiba vilivyokaa jirani katika miteremko ya Kilimanjaro, ilhali walioteuliwa kuvishughulikia wamekaa mbalimbali.

Zama za mamangi, mbege haikuwa kinywaji cha mtu na kiu yake. Ilikuwa ya tambiko, ya mahari, ya kesi na ya suluhu, na kata ilizunguka kwa kufuata umri na cheo. Petro Itosi Marealle, mangi wa Marangu aliyetoa kitabu chake cha mila, Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, mwaka 1947, alikiandika wakati ambapo utaratibu huo ulikwisha kulegea. Kahawa ilileta fedha mkononi, na fedha ikampa mtu uwezo wa kunywa bila ya kungoja sherehe. Ardhi nayo ikabana. Sally Falk Moore, katika utafiti wake juu ya sheria za mila za Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 1986, aeleza jinsi kihamba kilivyoelekea kwa mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho, wale wa katikati wakabaki kujitafutia. Si kila mtoto wa katikati aligeuka mlevi, hasha. Wengi walikuwa wafanyabiashara hodari. Ila aliyeshindwa mjini alirudi mahali pasipo na shamba lake, na kilabu kilikuwa karibu.

Na aliyerudi akiwa amerukwa na akili, je? Kwa muda mrefu jawabu la serikali lilikuwa kumpeleka mbali. Wamisionari wa Kijerumani walianzisha Lutindi, katika milima ya Usambara, mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani. Tangu mwaka 1904 ikapokea wagonjwa wa akili. Waingereza wakafungua hospitali ya Dodoma mwaka 1927, ile iliyokuja kuitwa Mirembe. Jina hilo lina maana ya amani, nalo likawa tusi katika vinywa vya watu nchi nzima, jambo la kusikitisha. Chini ya sheria ya kikoloni hakimu aliweza kuamuru mtu afungiwe huko, na kwa jamaa wa Marangu safari ya Dodoma ilikuwa kama safari ya msiba. Wengi waliopona hawakuwa na wa kuwafuata.

Fikra ya kumtibu mgonjwa akiwa kwa watu wake haikutoka Ulaya peke yake. Mwaka 1954 Dakta Thomas Adeoye Lambo alianza huko Aro, karibu na Abeokuta, Nigeria, kuwapangisha wagonjwa katika vijiji pamoja na jamaa zao, wakienda hospitali mchana na kurudi jioni. Tanzania nayo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ilijenga vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili. Hatua iliyoigusa Marangu zaidi ilikuja katika miaka ya 1980. Serikali, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na shirika la misaada la Denmark, Danida, ilichagua mikoa miwili ya majaribio, Morogoro na Kilimanjaro. Makusudio yalikuwa wahudumu wa zahanati na vituo vya afya wafundishwe kuutambua wazimu na kifafa, wawe na dawa chache za lazima, na mgonjwa alale kwao.

Ulikuwa uamuzi wa hekima, na labda ndio uliofanya mema mengi kuliko yote katika historia hii. Lakini ulimwegemezea mgonjwa nyumbani, na nyumbani ndiko mbege ilikopikwa. Klorpromazini humlegeza mtu; pombe nayo humlegeza; vikikutana, anayekunywa hushindwa kusimama, au huacha dawa ili apate kunywa. Sindano ya mwezi ilikusudiwa kumwondolea mtu kazi ya kukumbuka vidonge vya kila siku, wala haikukusudiwa kumwondolea kiu. Juu ya hayo, wapikaji na wauzaji wa mbege ni wanawake hasa, na hao hao ndio walezi wa wagonjwa. Si ajabu basi nauli ya kwenda Moshi kuonana na daktari, Mawenzi au KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, ikatoka katika ndoo ile ile ambayo daktari angeikataza. Kumlaumu mama huyo ni rahisi kwa asiyemlipia nauli.

Kwa uraibu wa heroini nchi ilipata njia mapema zaidi. Februari 2011 Muhimbili ilianza kutoa methadoni, mgonjwa akija kila siku kuinywa mbele ya muuguzi; Zanzibar ikafuata mwaka 2015. Pombe haikupata mpango wa namna hiyo. Serikali ilipiga marufuku viroba kuanzia 1 Machi 2017, na hapana shaka vifuko vile vya bei ndogo vilikuwa vimeharibu vijana wengi. Mbege haikuguswa, kwani nani angethubutu kuigusa?

Jaribio lililokaribia zaidi kiini cha tatizo lilianzia mahali pasipotarajiwa, katika idara ya dharura ya KCMC, kwa majeruhi wa ajali na ugomvi. Huitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Muuguzi huketi na majeruhi aliyezidisha kunywa, wakazungumza kwa muda mfupi, kwa Kiswahili na bila ya kukemea, juu ya anachokunywa na anachotaka kukibadili. Kisha mtu huyo hurudi kwao mlimani, na baadaye hupata ujumbe mfupi kwenye simu yake, kumkumbusha aliyoyasema mwenyewe.