Joto latishia wanyama wa sakafu ya bahari ya Antaktika

MAJI ya bahari inayolizunguka bara la Antaktika huweza kufikia nyuzi 1.9 chini ya sufuri katika kipimo cha Selsiasi kabla ya kuganda, kwa sababu ya chumvi iliyomo. Licha ya baridi hiyo, sakafu yake imesheheni wanyama wasio na uti wa mgongo: sifongo, matumbawe laini, viti vya pweza, majongoo bahari na buibui wa bahari.

Mpangilio wa wanyama hao hutegemea barafu. Katika miaka ya 1960, mtafiti Mmarekani Paul Dayton na wenzake walichunguza sakafu ya McMurdo Sound. Walibaini kuwa hadi kina cha mita 15 hivi, barafu huganda juu ya sakafu yenyewe, kisha huelea na kung'oa chochote ilichokishika. Sehemu hiyo aghalabu huwa tupu. Kuanzia mita 33 kwenda chini, barafu hiyo haifiki, na sifongo ndio waliotawala. Baadhi yao hukua hadi kimo cha mita mbili.

Maji baridi hubeba oksijeni nyingi, na miili ya wanyama hao huitumia kidogo kidogo. Wataalamu wengi huhusisha hali hiyo na ukubwa wa baadhi yao, wakiwemo buibui wa bahari ambao miguu yao ikitandazwa huzidi sentimita 25.

Hata hivyo, wanyama waliozoea baridi isiyobadilika hawastahimili joto. Chaza aina ya Adamussium colbecki, ambaye kwa kawaida huogelea kwa kupigapiga makombe yake, hushindwa kuogelea maji yanapofikia nyuzi 2 tu. Isitoshe, baridi imewazuia kaa wenye magando ya kuvunja makombe kuenea katika maji ya kina kifupi. Maji yakipata joto, kizuizi hicho kitaondoka, ilhali makombe ya windo lao ni membamba.

Januari 2025, kipande cha barafu cha takriban kilomita 510 za mraba kilimeguka kutoka barafu ya George VI, inayoelea kando ya bara hilo. Wanasayansi waliokuwa karibu katika meli ya Falkor (too) walielekea huko mara moja. Chini ya mahali palipokuwa pamefunikwa, walikuta matumbawe na sifongo wakubwa, ishara kwamba wameishi hapo kwa miaka mingi. Inadhaniwa kuwa mikondo ya maji ndiyo huwaletea chakula gizani.

Mnamo 2016, mataifa 24 pamoja na Umoja wa Ulaya yalikubaliana kuhifadhi kilomita milioni 1.55 za mraba katika Bahari ya Ross, na mkataba huo ukaanza kutekelezwa Desemba 2017. Unadhibiti uvuvi, lakini hauwezi kuzuia joto linalotokana na gesi zinazotolewa kwingineko duniani. Na kwa kuwa wengi wa wanyama hawa hukua polepole, sakafu ikiharibiwa huenda ikachukua miongo mingi kurejea ilivyokuwa.