Kima cha Mshahara na Minyororo ya Mchezaji

Katika historia ya kandanda ya Uingereza kuna jambo ambalo mabepari hawapendi kulikumbuka. Wao waliohubiri soko huria ndio waliomwekea mchezaji kima cha juu cha mshahara. Mwaka 1901 kilikuwa pauni 4 kwa wiki. Kufikia 1961 kilikuwa pauni 20 tu, hali viwanja vilijaa watazamaji waliolipa kiingilio.

Wachezaji waliunda chama chao Manchester mwaka 1907. Mwaka 1909 wale wa Manchester United waliokataa kujitoa chamani walifungiwa. Januari 1961, chini ya uongozi wa Jimmy Hill, tishio la mgomo liliwalazimisha wenye vilabu kusalimu amri. Magazeti yakazishangilia pauni 100 za Johnny Haynes wa Fulham.

Sisi twaona mnyororo mzito zaidi ulikuwa mwingine: klabu iliweza kumshikilia mchezaji hata baada ya mkataba wake kwisha, tena bila kumlipa. George Eastham, aliyekataa kutia saini mkataba mpya Newcastle mwaka 1960, alikwenda mahakamani akisaidiwa na chama. Mwaka 1963 Jaji Wilberforce alitamka kuwa utaratibu huo ni kizuizi kisicho cha haki. Hata hivyo vilabu viliendelea kudai ada kwa mchezaji aliyemaliza mkataba, hadi kesi ya Jean-Marc Bosman mwaka 1995.