Unguja hadi Muscat: saa 5 na misimu miwili

Bibi yangu alipopata habari kwamba dada yake amefariki Muscat, aliniuliza, "Kwani hapa na huko ni mbali kiasi gani?" Nikatazama kwenye simu. Karibu kilomita 3,900 kwa mstari ulionyooka. Ndege isiyotua njiani hutumia saa 5 na kitu. Akanyamaza kidogo. "Saa tano tu? Na mie miaka yote hii nikingoja nini?"

Sikuwa na jibu, nikaanza kusoma.

Kwa karne nyingi, safari baina ya bandari hizi mbili haikupimwa kwa maili bali kwa pepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, iliyaleta majahazi kutoka Uarabuni. Kusi ikianza kuvuma, kuanzia Aprili, ikayarudisha. Upepo ukiwa mzuri, njiani ni wiki tatu, nne, au zaidi. Lakini ukishafika, hurudi mpaka upepo ugeuke. Kwa hiyo kwenda na kurudi ilikuwa shughuli ya karibu mwaka mzima.

Seyyid Said bin Sultan alijaribu kutawala pande zote mbili, akahamishia makao yake Unguja. Mwaka 1856, akirejea kutoka Muscat katika meli yake, Victoria, alifia baharini karibu na Shelisheli, tarehe 19 Oktoba. Telegrafu ilikuwa bado haijafika huku. Watu wa Unguja waliendelea kumngoja mtawala wao, kumbe wanangoja maiti, hadi meli ilipowasili.

Mwanawe Majid akashika Unguja, na kaka yake Thuwaini akashika Muscat. Ugomvi wao uliishia mikononi mwa Waingereza. Mwaka 1861, Lord Canning, aliyeitawala India kwa niaba yao, akaigawa dola ile: kila mmoja na upande wake, ila Majid amlipe kaka yake riale 40,000 kila mwaka. Sababu zinazotajwa ni urithi, mali na hila za wakubwa. Sawa. Ila mimi naona upepo nao ulikuwa na mkono wake. Ukiuliza jambo Muscat, jibu likasubiri msimu ugeuke, utatawala vipi?

Halafu bahari ikafupishwa. Meli za moshi zilianza safari za kawaida Unguja miaka ya 1870, na mwaka 1879 waya wa telegrafu ukafika kutoka Aden. Habari iliyochukua wiki ikawa inachukua saa.

Hata hivyo, dada yake bibi aliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, akaishia Muscat, mji ambao hadi leo utasikia Kiswahili majumbani. Zilikuja barua, zikaja kaseti, ikaja simu. Yeye hakurudi, na bibi hakwenda. Kwanza ilikuwa woga, kisha pasipoti, kisha nauli, kisha magoti. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopimwa kwa kilomita.

Mazishi yalifanyika siku ile ile, kabla hatujamaliza hata kuulizana nani aende. Jioni tuliketi barazani. Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma.

"Hata wazee wetu wasingeweza kwenda mwezi huu," bibi akasema. "Upepo ungewarudisha."

Nikamwambia ndiyo, bibi, ungewarudisha.