Rejimenti ya Ulinzi wa Anga: Kutoka Kutungua hadi Kulinda

Mtoto mwenye manati humtungua ndege mtini; askari mwenye mzinga huitungua ndege angani. Nomino ni ileile na kitenzi ni kilekile; kiambishi pekee ndicho kinachotuambia yupi ana mabawa ya manyoya na ipi ina ya chuma. Ndiyo maana Kiswahili kilipotaka jina la silaha ya kupigia eropleni hakikwenda kuazima mbali. Kilisema mzinga wa kutungulia ndege, na waliofuatilia Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 wanalijua vyema neno hilo.

Jina hilo ni zuri, ila linataja silaha na tendo lake. Istilahi ya majeshi ya leo ni ulinzi wa anga, nayo inataja wajibu. Umbali kati ya majina hayo mawili unaonekana katika habari za Rejimenti ya 12 ya Jeshi la Mizinga la Kifalme la Uingereza.

Mei 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, ambavyo Waargentina huviita Malvinas, Betri T ya rejimenti hiyo ilipandisha mitambo yake 12 ya makombora ya Rapier kwa helikopta hadi vilima vinavyoizunguka San Carlos. Chini ya vilima hivyo, majini, zilitia nanga meli zilizoshusha askari. Kombora la Rapier la wakati ule halikuweza kulipukia jirani ya ndege. Lilipaswa kuigonga yenyewe. Baada ya vita, idadi ya ndege iliyodaiwa kutunguliwa na Rapier ilipunguzwa sana.

Kwa kipimo cha kutungua, basi, betri hiyo haikufua dafu. Lakini marubani wa Argentina, wakikwepa rada na makombora ya meli na ya nchi kavu, waliruka chini mno. Mabomu yao kadhaa yalitoboa meli na kukaa humo bila kulipuka, kwa kuwa fyuzi hazikupata muda wa kujiandaa. Meli nyingine zilizama, na watu walikufa. Ulinzi haukuwa kamili, wala haukuwa kazi ya betri moja. Hata hivyo, kila rubani aliyelazimishwa kupita mahali asipopataka alikuwa ameshapunguziwa makali. Hiyo ndiyo maana ya kulinda, na neno kutungua halifiki huko.

Tazama pia neno anga. Wapo wanaoandika ulinzi wa hewa. Hewa tunaivuta puani, tena huchafuka kwa moshi. Anayesoma maneno hayo atadhani habari ni ya mazingira. Panapopita ndege ni angani, na panapolindwa ni hapo.

Linabaki rejimenti, lililo gumu kuliko yote. Kwa Waingereza, jeshi zima la mizinga, lililoanza Woolwich mwaka 1716 kwa kombania mbili, huitwa rejimenti. Ndani yake kuna rejimenti zenye namba, kila moja ikikaribia ukubwa wa batalioni na kugawanyika katika betri. Rejimenti hizo zenye namba, hadi mwaka 1938, ziliitwa brigedi. Mfasiri asiyelijua hilo atakigeuza kikosi cha mamia ya askari kuwa jeshi la maelfu.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Tunapotaja kikosi kwa jina lake rasmi, tuseme rejimenti, na tumweleze msomaji ukubwa wake. Tunapoeleza kazi kwa jumla, kikosi cha ulinzi wa anga kinatosha. Neno kutungua tuliache kwa siku ambayo ndege imeanguka kweli. Askari wa vilimani San Carlos walikesha wakiangalia juu kwa ajili ya wenzao waliokuwa chini melini, na jina linalowastahili ni lile linalowakumbuka hao wa chini.