Je, Nchi Ivuke Mpaka Kuwasaka Walanguzi? Funzo la Busia na Tororo



Kuna hoja moja ambayo hupendwa sana katika midahalo ya shule za upili: iwapo magenge ya walanguzi wa dawa za kulevya yamejificha katika nchi jirani, na serikali ya nchi hiyo imeshindwa au imekataa kuyakomesha, je, nchi inayoumia ina haki ya kuvuka mpaka na kuyasaka yenyewe? Wengi hujibu upesi kwamba inayo. Nakuomba usijibu kwanza. Tuandamane hadi Busia na Tororo, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, kwa maana swali hili lina historia huko.

Mji mmoja, serikali mbili

Tarehe 1 Aprili 1902, serikali ya Uingereza ilikata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Mpaka ukasogea, watu wakabaki walipokuwa. Wasamia na Waiteso wakajikuta wamegawanywa pande mbili, kaka huku na dada kule. Ndiyo maana leo kuna Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, na Malaba ya Kenya na Malaba ya Uganda, hiyo ya pili ikiwa katika wilaya ya Tororo. Busia ya Uganda yenyewe ilikuwa sehemu ya Tororo hadi mwaka 1997 ilipofanywa wilaya.

Hata lugha yetu imeokota maneno hapo. Neno *bodaboda* lilizaliwa Busia, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Waendesha baiskeli walikuwa wakibeba watu na mizigo kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine, wakinadi safari ya mpaka kwa mpaka. Neno *magendo* nalo likapata umaarufu mkubwa nchini Uganda, hata uchumi mzima wa miaka ya 1970 ukaitwa kwa jina hilo. Waliotajirika upesi wakaitwa *mafutamingi*.

Kahawa ya Chepkube

Mwezi Julai 1975 baridi kali iliharibu mibuni ya Brazili, na bei ya kahawa duniani ikapanda kwa kasi. Mkulima wa Uganda hakuyaonja manufaa hayo. Alilazimika kuiuzia bodi ya serikali kwa bei ndogo, tena kwa shilingi iliyokuwa ikipoteza thamani kila uchao. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, gunia lilelile lilikuwa na thamani kubwa mno. Basi kahawa ikaanza kuvuka usiku, kichwani, kwa punda, kwa baiskeli na kwa malori. Soko la Chepkube, lililo karibu na mpaka katika eneo la Bungoma, likageuka jina la utajiri wa ghafla.

Rais Idi Amin alijibu kwa mkono wa chuma. Mwaka 1975 alikuwa ameweka mahakama maalumu ya makosa ya uchumi, na adhabu zake zilifika hata kifo. Vikosi vya kupambana na magendo vilizunguka ziwani na mipakani. Kahawa iliendelea kuvuka. Kwa upande wa Kenya, maafisa wengi walifumba macho, kwa kuwa fedha ziliingia.

Sasa tafakari, msomaji wangu. Katika kisa hiki, nchi iliyoumizwa ni Uganda. Mali yake ndiyo iliyokuwa ikiibwa, wafanyabiashara walioipokea walikuwa Kenya, na serikali ya Kenya haikuonyesha haja ya kuwazuia. Kila sharti la hoja tuliyoanza nayo limetimia. Je, ungekubali jeshi la Amin livuke mpaka na kuchoma soko la Chepkube?

Usisahau Amin alikuwa nani. Mwezi Februari 1976 alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa ardhi ya Uganda kihistoria, akitumia hoja ya mipaka ile ya zamani. Madai hayo hayakuhusu kahawa, na Mzee Jomo Kenyatta aliyakataa kabisa. Lakini hebu jiulize: jeshi lililoingia kwa jina la kusaka walanguzi lingeondoka lini, ikiwa aliyelituma aliamini kwamba ardhi ile ni yake?

Hapa ndipo ilipo shida ya kanuni hii. Tunapoidai, tunajifikiria sisi wenyewe kuwa wenye haki. Lakini kanuni haichagui mwenyewe. Ruhusa unayojipa leo ya kuvuka kwenda kwa jirani, kesho jirani ataisoma kwa sauti yake mwenyewe.

Na je, magendo ya kahawa yalipunguaje? Bunduki hazikuyamaliza. Bei ya dunia ilishuka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Uganda ililegeza biashara ya kahawa, ikamwacha mkulima auze kwa wanunuzi binafsi. Sababu kuu ya kuivusha usiku ikapungua sana.

Iwapo utanipinga

Huenda ukaniambia: "Mwalimu, mwaka 1979 Tanzania ilivuka mpaka, ikamwondoa Amin, na Waganda wengi wakashangilia." Ni kweli. Lakini mwaka 1978 majeshi ya Amin ndiyo yaliyotangulia kuivamia Kagera. Tanzania ilianza kwa kujilinda, na kujilinda dhidi ya uvamizi ni jambo jingine kabisa. Tena Amin alipokimbia, magendo hayakukimbia pamoja naye.

Huenda pia ukaniambia kwamba dawa za kulevya si kahawa. Nakubali. Kahawa inaweza kuruhusiwa, heroini haiwezi. Heroini huua vijana na kununua maafisa. Hata hivyo, tazama yaliyotokea Panama. Tarehe 20 Desemba 1989 Marekani ilituma zaidi ya askari 20,000 nchini humo, na mojawapo ya sababu ilizotoa ni kumkamata mtawala wake, Manuel Noriega, aliyeshtakiwa kwa ulanguzi wa kokeni. Alikamatwa, akahukumiwa Miami mwaka 1992. Raia wengi wa Panama walikuwa wameuawa, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lililaani uvamizi huo, na kokeni iliendelea kusafiri kuelekea kaskazini.

Ajabu ni kwamba mwaka mmoja kamili kabla ya siku hiyo, tarehe 20 Desemba 1988, mataifa yalikuwa Vienna yakikamilisha mkataba dhidi ya biashara haramu ya dawa za kulevya. Kifungu chake cha 2 kinasema waziwazi kwamba nchi haitafanya ndani ya nchi nyingine kazi ambazo ni za mamlaka ya nchi hiyo pekee. Kenya na Uganda zote zimeukubali mkataba huo.

Kuna ugumu mwingine: dawa ya kulevya ni ipi? Chukua jani moja. Kenya huliita miraa, na ni zao halali la biashara. Tanzania huliita mirungi, na sheria inalihesabu kuwa dawa ya kulevya. Uganda huliita mairungi. Huko, sheria ya mwaka 2015 ililikataza, kisha Mei 2023 Mahakama ya Katiba ikaibatilisha sheria hiyo nzima kwa sababu akidi ya Bunge haikuzingatiwa ilipopitishwa, na Bunge likalazimika kutunga sheria nyingine. Kama kila nchi ingevuka mpaka kutekeleza sheria yake, mkulima wa Meru angekuwa raia mwema nyumbani kwake na jambazi machoni pa jeshi la jirani.

Risasi za mwaka 1987

Tusidhani kwamba vita vya mpakani ni hadithi tu. Mwezi Desemba 1987 vikosi vya Kenya na Uganda vilipigana risasi Busia. Kila upande uliushutumu mwingine kwa uchokozi, watu wakafa, mpaka ukafungwa. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi: aliyekuwa na shamba huku na soko kule alibaki bila la kufanya. Kabla ya mwaka kwisha, Rais Daniel arap Moi na Rais Yoweri Museveni walikutana Malaba kutuliza mambo. Suluhisho lilipatikana mezani.

Kuvuka kwa hodi

Je, tukae kimya basi? La. Tarehe 24 Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua Kituo cha Pamoja cha Mpakani cha Busia. Lori linaloingia Uganda hukaguliwa upande wa Uganda, na maafisa wa nchi zote mbili wapo hapo. Linaloingia Kenya hukaguliwa upande wa Kenya kwa utaratibu huohuo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inamruhusu afisa kutekeleza sheria za nchi yake akiwa katika ardhi ya jirani, ndani ya eneo lililokubaliwa. Kwa hiyo afisa wa Kenya huvuka mpaka kila siku kufanya kazi. Amepiga hodi, akakaribishwa, na mwenzake wa Uganda amepewa haki hiyohiyo.

Utaratibu huu hautoshi. Njia za panya zingalipo, na hakuna kituo kinachoziba kichaka kizima. Ndugu wawili wa familia ya Akasha walikamatwa Mombasa mwaka 2014 kwa ulanguzi wa heroini, na kesi ya kuwapeleka Marekani ikakokota hadi walipokabidhiwa Januari 2017. Huko walikiri makosa, yakiwemo ya kuwahonga maafisa wa Kenya. Ona basi mzizi ulipokuwa: mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Jeshi la kigeni haliwezi kumng'oa afisa mla rushwa. Wanaoweza ni hakimu jasiri, mwandishi wa habari na mpiga kura wa nchi hiyohiyo.

Jibu langu, basi, ni hili: nchi isivuke mpaka kwa nguvu kuwasaka walanguzi. Ivuke kwa makubaliano, na ianze kwa kufagia uwanja wake. Nawe, msomaji, toa jibu lako kwa hoja, si kwa jazba.

Msamiati

*Akidi*: idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali.
*Forodha*: mahali bidhaa zinapokaguliwa na kutozwa ushuru.
*Magendo*: biashara ya kuingiza au kutoa bidhaa kwa siri, kinyume cha sheria.
*Njia za panya*: vijia vya siri vya kukwepa vituo vya mpakani.

Maswali ya mjadala

1. Uganda ya mwaka 1976 ilikuwa na haki gani dhidi ya wafanyabiashara wa Chepkube? Iliishia wapi?
2. Eleza tofauti kati ya kujilinda na kuingilia kati, ukitumia mifano miwili kutoka makala haya.
3. Je, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziwe na sheria moja kuhusu miraa? Tetea msimamo wako.