Ngara na Biharamulo: mpaka ulioamua nani asome Shakespeare

Juni 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliyokuwa njiani kuelekea Tabora yaliiteka Biharamulo. Boma la Wajerumani likapata wakubwa wapya wanaosema Kifaransa, na kwa miaka kadhaa Ngara na Biharamulo zikawa mikononi mwa watu walewale waliotawala Rwanda na Burundi. Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji wakakaa kugawana nchi walizomnyang'anya Mjerumani. Bugufi, nchi ya Wahangaza iliyokuwa ikimtii mwami wa Burundi, ikaangukia Tanganyika. Warundi waliidai kwa miaka mingi baadaye, wasiipate.

Historia ya fasihi ya Kiingereza katika pembe hii ya Kagera inaanzia kwenye ramani hiyo. Mtoto aliyezaliwa upande huu wa mto Ruvubu akapangiwa lugha ya London. Mwenzake wa ng'ambo, ambaye wanasikilizana kwa lugha ya nyumbani bila mkalimani, akapangiwa lugha ya Brussels na Paris. Huyu angekuja kukaririshwa Shakespeare, yule Molière, na babu zao walikuwa wakioana na kuuziana ng'ombe. Hakuna aliyewauliza.

Kiingereza chenyewe kilichelewa kufika. Kwa sehemu kubwa ya utawala wa Waingereza, kijana wa Ngara au Biharamulo aliyetaka kuendelea na masomo alilazimika kuhama kwao, aende Bukoba kwenye shule kama Ihungo, au Tabora. Aliyefaulu huko aliikuta njia moja tu ya juu, Makerere, iliyokuwa nchi nyingine. Kwa hiyo wengi wa vijana wa kwanza wa Tanganyika kusoma fasihi ya Kiingereza chuoni waliisoma wakiwa wageni, Uganda, kwa mitaala iliyoidhinishwa London, kwa sababu tangu 1949 Makerere ilikuwa ikifundisha kwa ajili ya shahada za Chuo Kikuu cha London. Hata hivyo, mahali hapo palizaa kitu. Mwaka 1958 idara ya Kiingereza ilianzisha jarida la Penpoint, na ndani yake wanafunzi wa Kenya, Uganda na Tanganyika wakaanza kuandika hadithi zao wenyewe. Ngũgĩ wa Thiong'o alijifunzia kalamu humo kabla ya kwenda Leeds mwaka 1964. Juni 1962 waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza walikutana Makerere, na tangu hapo hakuna aliyeweza tena kudai kwamba fasihi hiyo ni mali ya Waingereza peke yao.

Yupo Mtanzania mmoja ambaye watu hawana kawaida ya kumweka katika orodha ya waliosoma fasihi ya Kiingereza ugenini. Julius Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949 na kurudi 1952. Sote tunamkumbuka kwa siasa na uchumi, lakini fasihi ya Kiingereza ilikuwa miongoni mwa masomo aliyochukua huko. Mwaka 1963, akiwa tayari ameshika nchi, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, na 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi. Rais mwenye nchi changa mabegani alipata wapi saa za kukaa na mizani ya mashairi? Alizipata kwa sababu somo lile lilikuwa limemwingia, na kwa sababu aliamini Kiswahili kinaweza kubeba kila kitu. Kwangu huo ndio mfano bora tulio nao wa mwanafunzi wa kigeni aliyerudi nyumbani na mzigo wenye faida.

Aliyekwenda kusomea uandishi wenyewe ni Peter Palangyo, mzaliwa wa Meru. Habari zake zinastahili kusimuliwa kila mahali penye mwanafunzi wa mchepuo wa sanaa. Alianza na sayansi. Alipelekwa Minnesota, Marekani, akasoma biolojia katika Chuo cha St. Olaf, na wote waliomtazama walijua atarudi mwanasayansi. Katikati ya safari aligeuza njia, akaenda Chuo Kikuu cha Iowa kwenye warsha ya waandishi iliyoanzishwa mwaka 1936, mahali ambapo mwanafunzi analeta hadithi yake mezani, wenzake wanaichambua mbele yake, naye anarudi chumbani kuiandika upya. Katika miaka hiyohiyo alikuwapo hapo Taban lo Liyong, aliyepata shahada yake ya uzamili ya uandishi mwaka 1968. Mwaka huohuo riwaya ya Palangyo, Dying in the Sun, ilitolewa na Heinemann katika mfululizo wa waandishi wa Kiafrika. Ni riwaya ya kijijini, ya mwana na baba anayekufa, ya moyo uliochoka, na ni miongoni mwa riwaya za kwanza kabisa za Mtanzania kwa Kiingereza. Palangyo alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1993, na leo ni vigumu kukikuta kitabu chake katika duka la vitabu la kawaida hapa nchini. Hilo linaniuma.

Dar es Salaam nayo ilijitengenezea mlango. Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961, na kuanzia 1963 hadi 1970 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1966 wanafunzi wake walikuwa na jarida lao, Darlite. Mambo yakageuka, wageni wakaanza kuja kwetu: Mukotani Rugyendo, mwandishi wa tamthilia kutoka Kigezi, Uganda, alisoma Dar es Salaam. Huku nyuma, Biharamulo ilikuwa na Seminari ya Katoke, ile aliyosoma John Magufuli miaka ya 1970. Yeye alielekea kemia na hisabati, kama taifa lilivyokuwa likiwahimiza vijana wenye vichwa vyepesi, na katika wilaya hizi hadi leo mwenye alama nzuri anayechagua HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) huulizwa kama ameugua.

Kisha ikaja miaka ambayo dunia nzima ililijua jina la Ngara. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na Warundi wakaanza kumiminika Kagera na Kigoma. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa takribani 24, Wanyarwanda wapatao 200,000 au zaidi walivuka daraja la Rusumo. Kambi ya Benaco, wilayani Ngara, ikawa na watu wengi kuliko mji wowote wa mkoa. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera hapohapo Ngara, na mashamba ya Wahangaza yakasikia matangazo kwa lugha kadhaa. Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996. Warundi wa kambi ya Lukole, wilayani humohumo, walibaki miaka mingi zaidi.

Jambo lisilosimuliwa sana ni la madarasa ya kambi zile. Mtoto wa Lukole alisoma mtaala wa Burundi, Kirundi kwanza na Kifaransa baadaye, kwa kuwa sera ilimwandaa kurudi kwao. Nje ya kambi, katika wilaya ileile, mtoto wa Mhangaza alisoma Kiswahili na kusubiri Kiingereza cha sekondari. Mpaka wa 1919 ulikuwa umehamia ndani ya wilaya moja. Na maisha hayakufuata sera: kuanzia 2007 Marekani ilipokea maelfu ya Warundi waliokimbia mwaka 1972 na uzao wao, kutoka kambi za kaskazini magharibi mwa Tanzania. Watoto walioandaliwa kwa Kifaransa wakaingia shule za Kiingereza katika miji ambayo hawakuwahi kuisikia.

Waliofika mbali katika fasihi kutokana na misiba ile wapo. Clemantine Wamariya alikimbia Rwanda mwaka 1994 akiwa na miaka sita, kupitia Burundi, akazunguka nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, akafika Marekani mwaka 2000 na kusoma fasihi linganishi Yale. Kitabu chake kilitoka 2018. Roland Rugero wa Burundi, mwandishi wa Kifaransa, alialikwa Iowa mwaka 2013, chuo kilekile cha Palangyo, na riwaya yake Baho! ikatoka kwa Kiingereza mwaka 2016. Nje ya misiba ile, Zanzibar tunaye Abdulrazak Gurnah, aliyeingia Uingereza akiwa kijana baada ya mapinduzi, akasoma Canterbury, akapata udaktari wake Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, akafundisha hapohapo hadi kustaafu, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel. Karibu wote hawa waliondoka kwao kwa kusukumwa, na shule wakaikuta mbele ya safari.

Wakati huohuo mpaka wenyewe umebadili lugha. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, ikaamua mwaka 2008 kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza, na mwaka 2009 ikajiunga na Jumuiya ya Madola. Sasa mwanafunzi wa Kirehe, Rwanda, na mwanafunzi wa Ngara wanaweza kusoma riwaya moja kwa lugha moja, huku mto Kagera ukiwa katikati yao.

Kwa kijana wa leo wa Ngara au Biharamulo mwenye ndoto ya kwenda kusomea fasihi au uandishi wa kubuni nje, safari ina vikwazo vinavyojulikana. Uingereza haiihesabu Tanzania kuwa nchi ya wasemaji wa Kiingereza. Hivyo kijana aliyefundishwa karibu kila somo la sekondari kwa Kiingereza anaweza kutakiwa afanye mtihani wa lugha kuthibitisha kwamba anakijua. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao. Ada ya mwanafunzi wa kigeni ni mzigo usiobebeka kwa mkulima wa kahawa na migomba, kwa hiyo tegemeo ni ufadhili kama wa Jumuiya ya Madola au Chevening, nao huombwa na watu wenye shahada ya kwanza na barua nzito za mapendekezo. Shahada ya kwanza nzuri ya fasihi kutoka hapahapa nchini ndiyo ngazi, na ngazi hiyo inaanzia kwenye rafu ya vitabu ya kidato cha tatu.

Nalisema hili kwa moyo mzito. Habari za Rusumo zimeandikwa na wanahabari wa Ulaya, watafiti wa Denmark, watu wa mashirika. Simulizi za manusura zipo, na zina heshima yake. Lakini mwanamke wa Kihangaza aliyeamka asubuhi akakuta uwanja wake umejaa watu, akagawa mihogo yake, akaona msitu ukiisha kwa kuni, kisha akaona kambi ikiondoka na soko lake, bado anasubiri mwandishi wa kwao. Mwandishi huyo pengine sasa yuko darasani Rulenge au Nyakahura, ana nakala moja ya kitabu anayoigombania na wenzake.

Walimu wa Kiingereza wa wilaya hizi mbili, mwambieni mwanafunzi huyo kuwa mbele yake walitangulia Palangyo na Gurnah, na mpeni kazi ya kuandika aliyosikia kwa bibi yake kuhusu mwaka 1994. Halmashauri za Ngara na Biharamulo, tengeni fedha za vitabu vya fasihi kama mnavyotenga za maabara. Nanyi mliotoka huko mkasoma Dar es Salaam, Kampala, Leeds au Iowa, chagueni shule moja, pelekeni vitabu, na mwandikieni mkuu wake mkimweleza hatua kwa hatua jinsi ufadhili unavyoombwa. Bibi waliokuwapo siku ile darajani wanazidi kupungua, na kazi hii inatakiwa ianze wakiwa hai.