Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Historia Linganishi ya Mishahara na Posho za Wabunge, kutoka Azimio la Arusha hadi Akaunti ya Tegeta

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya malipo ya wabunge nchini Tanzania kwa kuyalinganisha na ya Uingereza, Kenya na Uganda. Mijadala mingi kuhusu suala hili hujikita katika kiwango: nani analipwa zaidi na nani analipwa kidogo. Makala inadai kwamba kiwango peke yake hakielezi mengi. Mambo mawili yana uzito zaidi: mamlaka inayopanga malipo, na umbo la malipo hayo, yaani mshahara unaojulikana au posho inayofuata idadi ya vikao na safari. Sakata la akaunti ya Tegeta la mwaka 2014 linatumika kupima hoja kwamba malipo makubwa humkinga mbunge dhidi ya rushwa.

1.0 Utangulizi

Tegeta ni kitongoji cha kaskazini mwa Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Bagamoyo, katika Wilaya ya Kinondoni. Kwa miaka mingi kilijulikana zaidi kwa kiwanda cha saruji cha Wazo, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, na kwa mtambo wa kufua umeme wa kampuni ya IPTL. Mwezi Novemba 2014 jina la Tegeta lilisikika nchi nzima kutoka ukumbi wa Bunge mjini Dodoma. Fedha zilizojadiliwa zilihifadhiwa Benki Kuu kwa jina la kitongoji hicho, nao wakazi wake walikuwa na mbunge katika ukumbi uleule, kupitia jimbo la Kawe.

Tukio hilo linaibua swali la kihistoria. Tangu malipo ya wabunge yaanze kudaiwa katika karne ya 19, watetezi wake wametoa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba bila malipo, Bunge litakuwa la matajiri. Ya pili ni kwamba mbunge asiye na malipo ya kutosha atanunuliwa. Je, historia ya Tanzania na ya majirani zake inazithibitisha hoja hizo?

2.0 Chimbuko la malipo: kutoka London hadi Karimjee

Madai ya mshahara kwa wabunge yalitoka kwa watu wa chini. Mwaka 1838 harakati ya wafanyakazi wa Uingereza iliyoitwa Chartism ilitoa Mkataba wa Watu wenye madai sita. Mojawapo lilikuwa wabunge walipwe, na jingine lilikuwa kuondolewa kwa sharti la kumiliki mali. Madai hayo mawili yalikwenda pamoja kwa sababu za wazi: fundi wa kiwanda hawezi kuacha kazi yake na kukaa London miezi kadhaa bila kipato. Hata hivyo, ilichukua miaka 73 hadi mwaka 1911, Lloyd George akiwa waziri wa fedha, ndipo wabunge wa Uingereza walipoanza kulipwa pauni 400 kwa mwaka.

Nchini Tanganyika, Baraza la Kutunga Sheria liliundwa mwaka 1926 bila Mwafrika hata mmoja. Waafrika wa kwanza waliingia mwaka 1945, nao walikuwa machifu wawili: Kidaha Makwaia kutoka Shinyanga na Abdiel Shangali kutoka Machame. Uteuzi huo ulionesha mtazamo wa wakoloni kuhusu uwakilishi, kwamba mwakilishi ni mtu mwenye cheo na njia ya kujikimu kabla ya kuingia barazani. Mtazamo huo uliendelea katika uchaguzi wa 1958 na 1959, ambapo kipato cha pauni 150 kwa mwaka kilikuwa mojawapo ya sifa zilizompa mtu haki ya kupiga kura. Uhuru uliopatikana mwaka 1961 ulivunja vikwazo hivyo. Watu waliokutana katika Ukumbi wa Karimjee baada ya hapo walijumuisha walimu, makarani na wanaharakati wa vyama vya wafanyakazi na vya ushirika, ambao hawakuwa na mali ya kuwategemeza. Kwa watu wa aina hiyo, malipo yalikuwa sharti la kuwapo kwao bungeni.

3.0 Kiongozi na kipato chake, 1966 hadi 1991

Swali la kiasi gani kinamtosha kiongozi lilijitokeza kwa ukali tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Walilalamikia makato katika mishahara yao ya baadaye, huku wakieleza kwamba viongozi wanaishi vizuri. Rais Julius Nyerere aliwarudisha makwao takriban wanafunzi 400, lakini hakuipuuza hoja yao: alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na mishahara ya viongozi wa juu ikapunguzwa pia.

Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha liliweka masharti ya uongozi. Kiongozi, na mbunge akiwamo, alikatazwa kupokea mishahara miwili au zaidi, kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari na kumiliki nyumba ya kupangisha. Azimio halikutaja kiwango cha malipo ya mbunge. Lilichofanya ni kuweka mpaka kwa kuziba njia nyingine zote za kipato, hivyo kwamba kile alicholipwa mbunge kiwe ndicho alichonacho. Kwa utaratibu huo mwananchi aliweza, angalau kinadharia, kumfahamu mwakilishi wake kwa kipato chake.

Mpaka huo uliondolewa mwaka 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi. Mwaka uliofuata mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa, na uchaguzi wa 1995 ukafanyika katika mazingira mapya. Ubunge sasa ulishindaniwa kwa fedha, na wapiga kura walimtazamia mbunge achangie misiba, harusi, ada za shule na ujenzi wa zahanati. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilifanyiwa marekebisho yaliyoruhusu takrima, yaani ukarimu wa kimila wa mgombea kwa wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2006 kwamba masharti hayo yanakiuka Katiba. Gharama za kuupata ubunge na kuushikilia zilipanda, na malipo yakatafutiwa njia ya kuzifuata.

4.0 Siasa za posho, 2010 hadi 2014

Ibara ya 73 ya Katiba inasema kwamba wabunge watalipwa mshahara, posho na malipo mengine kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Maneno hayo matatu yana tofauti kubwa. Mshahara ni kiasi kimoja kwa mwezi, na ni rahisi kuulinganisha na ngazi nyingine za utumishi. Posho ya kujikimu humgharimia mbunge aliye mbali na makazi yake. Posho ya kikao hulipwa kwa kuhudhuria, na hapa ndipo ugomvi ulipoanza, kwa kuwa kuhudhuria kikao ndiyo kazi yenyewe inayolipiwa mshahara.

Mwezi Mei 2010, Rais Jakaya Kikwete aliwaambia wazee wa Dar es Salaam katika Ukumbi wa Diamond Jubilee kwamba serikali haina uwezo wa kulipa kima cha chini cha shilingi 315,000 kwa mwezi, kilichodaiwa na Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, TUCTA. Mwaka uliofuata, bajeti mbadala ya kambi ya upinzani ilipendekeza posho za vikao zifutwe, na Zitto Kabwe, aliyekuwa msemaji wa upinzani kuhusu fedha, akaandika kuikataa posho yake. Mambo yakaelekea upande mwingine. Mwezi Novemba 2011 magazeti yaliandika kwamba posho ya kikao imepanda kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000 kwa siku, na mwezi Desemba Spika Anne Makinda alithibitisha ongezeko hilo, akitaja kupanda kwa gharama za maisha Dodoma.

Hesabu ndogo inatosha kueleza hasira iliyofuata. Kwa kiwango hicho, mbunge aliyehudhuria vikao vya siku 10 alipata shilingi 2,000,000 za posho ya kikao peke yake. Mfanyakazi wa kima cha chini, hata kama serikali ingekubali dai zima la TUCTA, angepata shilingi 1,890,000 kwa miezi sita. Mapema mwaka 2012 madaktari waligoma wakidai maslahi bora, na posho ya wabunge ikawa kielelezo kilichotajwa kila palipozungumzwa kwamba hakuna fedha.

Bunge Maalumu la Katiba, lililoanza Februari 2014, lilirudia somo hilohilo. Wajumbe walipangiwa shilingi 300,000 kwa siku, na katika siku za mwanzo baadhi yao walidai hazitoshi, hata kamati ikaundwa kulishughulikia dai hilo kabla ya mjadala wa rasimu ya Katiba kuanza.

5.0 Mifumo mitatu ya kupanga malipo

Ulinganisho na nchi nyingine unaonesha mifumo mitatu. Wa kwanza ni wa Bunge kujipangia. Kenya iliufuata baada ya marekebisho ya Katiba ya mwaka 1999 yaliyounda Tume ya Huduma za Bunge. Nia ilikuwa njema: kulitoa Bunge mikononi mwa serikali kuu iliyolidhibiti kwa muda mrefu. Matokeo yake, kufikia mwishoni mwa muongo uliofuata, mbunge alipata shilingi za Kenya 851,000 kwa mwezi, na kati ya hizo ni 200,000 tu zilizokatwa kodi. Sehemu kubwa iliitwa marupurupu. Uganda nayo, kwa Katiba ya 1995, ililipa Bunge mamlaka ya kuamua malipo ya wajumbe wake. Mwaka 2017, wakati wa mjadala wa kuondoa ukomo wa umri wa rais, kila mbunge aliingiziwa shilingi za Uganda milioni 29 za kukusanya maoni ya wananchi, na baadhi yao wakazirudisha wakisema zinafanana na hongo.

Mfumo wa pili ni wa chombo huru. Uingereza iliuanzisha baada ya kashfa ya mwaka 2009, ilipofichuka kwamba wabunge walikuwa wakijirudishia gharama za nyumba na matengenezo zisizo na uhusiano na kazi. Ikumbukwe kwamba kashfa hiyo haikuhusu mshahara. Ilihusu marejesho ya gharama, sehemu iliyokuwa gizani. Spika alijiuzulu na mamlaka huru ikaundwa. Hata hivyo, mwaka 2015 mamlaka hiyo ilipandisha mshahara hadi pauni 74,000 licha ya upinzani wa waziri mkuu mwenyewe.

Kenya ilifuata njia hiyo kwa Katiba ya 2010, iliyounda Tume ya Mishahara na Marupurupu na kuwataka maofisa wote wa dola walipe kodi. Mwaka 2013 tume ilishusha mshahara wa mbunge hadi shilingi 532,500. Wabunge walipiga kura kuutangua uamuzi huo, na waandamanaji wakapeleka nguruwe mbele ya Bunge jijini Nairobi. Maafikiano yalipopatikana, mshahara ulibaki pale tume ilipoupanga, lakini kila mbunge akapewa ruzuku ya gari ya shilingi milioni 5. Kilichoondoka kwa mlango wa mshahara kilirudi kwa dirisha la marupurupu. Mwaka 2017 tume ilifuta ruzuku hiyo pamoja na posho ya vikao vya Bunge zima, na mwaka 2024, vijana walipoandamana kupinga muswada wa fedha, nyongeza iliyokuwa imepangwa ilisitishwa.

Mfumo wa tatu unawafunga wabunge kwa wakati. Marekani ina kipengele cha Katiba kilichopendekezwa mwaka 1789 na kuridhiwa mwaka 1992, kinachozuia badiliko lolote la mshahara wa wajumbe wa Kongresi kuanza kutumika kabla ya uchaguzi mwingine kupita. Anayepandisha hana hakika kwamba ndiye atakayepokea.

6.0 Akaunti ya Tegeta: hoja ya kinga ya rushwa

IPTL ilitia saini mkataba wa kuiuzia TANESCO umeme mwaka 1995. Mgogoro kuhusu gharama ulipozuka, fedha zilizobishaniwa zilianza kuwekwa katika akaunti maalumu Benki Kuu. Mwishoni mwa mwaka 2013 fedha hizo zilitolewa, na ripoti ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ya Novemba 2014 ilizungumzia zaidi ya shilingi bilioni 300. Baadhi ya wabunge na mawaziri walitajwa miongoni mwa waliopokea mgawo kutoka kwa mmoja wa wanufaika. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu, waziri mmoja akaondolewa na mwingine akajiuzulu.

Sakata hilo lilitokea miaka mitatu baada ya posho kupandishwa karibu mara tatu. Iwapo malipo makubwa ni kinga, kinga hiyo haikuwafikia wote. Lakini hoja kinyume chake nayo haisimami, kwa kuwa wabunge walioibua suala hilo na kulisimamia hadi mwisho walilipwa kwa viwango vilevile, na kiongozi wa kamati iliyochunguza ni yuleyule Zitto Kabwe aliyekuwa ameikataa posho ya kikao. Kilichofanya kazi ni uwazi: miamala ya benki ilisomwa hadharani, majina yakatajwa na kiasi kikajulikana. Posho ya mwaka 2011, kwa upande wake, ilijulikana kupitia tetesi za magazeti kabla ya kuthibitishwa na Spika.

7.0 Hitimisho

Historia inathibitisha hoja ya kwanza ya watetezi wa malipo na kuitilia shaka ya pili. Bila malipo, mkazi wa kawaida wa Tegeta, awe mwalimu, dereva au mchuuzi wa samaki, asingeweza kuacha kazi na kwenda kuwakilisha jirani zake Dodoma. Kwa hiyo kudai wabunge wasilipwe ni kurudi kwenye baraza la machifu na wenye mali. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake, na mahali popote malipo yalipopangwa na wanaolipwa, au yalipogawanywa katika posho zisizotangazwa, mwananchi alipoteza uwezo wa kujua anamlipa nani kiasi gani. Mfano wa Kenya unaonya kwamba chombo huru peke yake hakitoshi ikiwa marupurupu yanaachwa nje. Somo linalofaa kwa Tanzania ni kuunganisha posho ya kikao na mshahara mmoja unaotangazwa, upangwe na chombo kisicho na maslahi, na nyongeza ianze kutumika baada ya uchaguzi. Wachatisti wa 1838 walidai mshahara ili maskini aingie bungeni. Hawakudai kwamba akishaingia asijulikane anapokea nini.